Msichore Mistari Baharini Kabla ya Kuwauliza Waliomo: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Bahari

Kwenu marais na mawaziri wakuu, mawaziri wa uvuvi, mazingira, fedha na bandari, na wajumbe wote mnaotuwakilisha kwenye mikutano ya bahari.

Yah: Ahadi ya asilimia 30 na watu wa pwani

Waheshimiwa,

Desemba 2022, mjini Montreal, Kanada, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu viumbe hai, nchi zenu ziliahidi kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 30 ya bahari itakuwa imehifadhiwa. Hadi mwaka 2024 unamalizika mlikuwa hamjafika hata asilimia 10. Mimi ni miongoni mwa walioifurahia ahadi ile kwa moyo wote, na ndiyo maana leo nina hofu. Aliyechelewa hushika kilicho karibu. Kilicho karibu na mkono wa serikali ni mitumbwi iliyolazwa ufukweni, si meli iliyo maili 150 huko nje, yenye bendera ya nchi nyingine na mawakili wa kuitetea. Nina hofu kwamba asilimia zilizobaki mtazitafuta kwa wasio na sauti.

Ombi langu ni moja, na yote nitakayoyasema yanarudi hapo hapo. Kabla hamjachora mstari wowote kwenye ramani ya bahari, wapeni wanaoishi kwa bahari hiyo haki ya kisheria juu ya maji yaliyo mbele ya milango yao. Kisha uchoreni mstari huo pamoja nao, mkianza na yule anayeharibu zaidi.

Naomba niwashushe kwanza ufukweni. Ni bamvua, maji yamekupwa mpaka mwamba umeachwa wazi. Mwanamke anatembea ameinama, chuma mkononi, ndoo ikining'inia kwenye kiwiko. Anatafuta pweza, lakini macho yake hayamtafuti pweza mwenyewe, kwa sababu pweza amejigeuza rangi ya jiwe na hata ukimkanyaga huenda usimjue. Anatafuta mabaki. Mlangoni mwa pango la pweza hukosi magamba ya kaa na makombe matupu, masalia ya alichokula, na mara nyingine vijiwe vilivyosogezwa kuziba mwingilio. Akiyaona hayo husimama, akachomeka chuma taratibu, akasubiri. Mtu asiyefundishwa angepita hapo mara kumi na kurudi na ndoo tupu.

Mwanamke huyu hana chombo wala leseni, na jina lake halimo kwenye daftari lolote la uvuvi. Afisa anayekuja kuhesabu wavuvi huhesabu vyombo na injini, kisha huondoka. Lakini watu kama yeye si wachache. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, pamoja na washirika wake, walieleza katika ripoti ya mwaka 2023 kwamba wavuvi wadogo ndio wanaoleta kama asilimia 40 ya samaki wote wanaovuliwa duniani, kwamba karibu watu milioni 500 wanategemea kazi hiyo japo kwa sehemu ya riziki yao, na kwamba katika kila watu 10 walio katika kazi hiyo, wanne ni wanawake. Siku mkiufunga mwamba ule kwa tangazo la gazeti la serikali, mwenye boti ya injini atasogea mbele akavue kwingine. Yeye atasogea wapi? Chombo chake ni miguu yake.

Najua wapo washauri wenu wanaoona kwamba maneno ya watu wa pwani ni masimulizi tu, na kwamba maamuzi yafuate takwimu. Takwimu nazipenda, na barua hii inazo. Lakini kumbukeni yaliyotokea Newfoundland, Kanada. Chewa wa huko, samaki wa maji baridi waitwao cod kwa Kiingereza, walivuliwa kwa takriban miaka 500. Katika miaka ya 1980 wavuvi wa karibu na nchi kavu walianza kulalamika kwamba samaki wanapungua na wanaopatikana ni wadogo. Wataalamu wa serikali walikuwa wakitegemea kwa sehemu kubwa mavuno ya meli kubwa za nje, na mavuno hayo yalikuwa bado mazuri. Yalikuwa mazuri kwa sababu samaki wakipungua hujikusanya, na meli yenye mitambo ya kuwasaka huwafuata walipojikusanya, ikaendelea kujaza wavu mpaka kundi la mwisho. Aliyekaa ghubani akisubiri samaki wamfikie ndiye aliyeona kwamba hawaji tena. Tarehe 2 Julai 1992 uvuvi ule ulipigwa marufuku. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi. Marufuku ilitangazwa kuwa ya miaka miwili, ikadumu zaidi ya 30.

Kisa hicho sikisimulii ili kuwadharau wanasayansi. Nakisimulia kwa sababu kulikuwa na watu waliojua, walisema mapema, na hawakuwa na kiti mahali ambapo neno lao lingehesabiwa.

Sasa tumtazame aliye nje. Wavu wa kukokotwa chini ya bahari hufunguliwa na milango miwili mizito ya chuma, na mbele yake hutangulia minyororo au magurudumu yanayobingirika juu ya sakafu ya bahari. Unapopita penye nyasi bahari huzing'oa. Unapopita penye matumbawe ya kilindini, yaliyokua kwa mamia ya miaka, unayavunja asubuhi moja. Kinachomwagwa juu ya sitaha ni kila kitu kilichokuwemo njiani, na kisicho na soko hurudishwa majini kikiwa kimekufa. Baadhi ya meli za aina hiyo huenda zisingetoka bandarini bila ruzuku. Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2018 serikali zilitoa ruzuku za uvuvi za kama dola bilioni 35 za Marekani, na zaidi ya bilioni 22 kati ya hizo zilikuwa za aina inayoongeza nguvu za kuvua: mafuta, meli mpya, injini kubwa. Wavuvi wadogo, ambao ndio wengi kwa hesabu ya vichwa, waliambulia chini ya theluthi moja ya jumla yote.

Waziri wa fedha, hapa nazungumza na wewe, maana mwenzako wa mazingira huwa anatumwa mkutanoni mikono mitupu. Mkataba wa ruzuku za uvuvi mlioupitisha mwaka 2022 katika Shirika la Biashara Duniani ulianza kutumika Septemba 2025, na kwa hilo mnastahili pongezi. Unazuia fedha za umma kwenda kwa uvuvi haramu na kwa samaki ambao tayari wamevuliwa kupita kiasi. Lakini kipande kigumu, yaani ruzuku zinazozalisha meli nyingi kuliko samaki waliopo, mlikiweka kando mkisema mtakirudia. Na mkataba wenyewe una kifungu kinachosema msipokubaliana juu ya kanuni kamili ndani ya miaka 4 tangu uanze, unakoma, isipokuwa Baraza Kuu la shirika hilo liamue vinginevyo. Saa hiyo inakwenda. Wakati huohuo zaidi ya theluthi moja ya makundi ya samaki yanayofuatiliwa duniani yanavuliwa kuliko yanavyoweza kuzaliana, ilhali mwaka 1974 ilikuwa asilimia 10.

Kinachoniuma zaidi ni hifadhi za karatasi. Ulaya yapo maeneo mengi yenye jina la hifadhi ya bahari ambamo nyavu za kukokota bado zinaruhusiwa kupita. Mwaka 2024 Ugiriki ilitangaza kuwa itazipiga marufuku katika hifadhi zake zote ifikapo 2030, na ilikuwa ya kwanza barani humo kuahidi hivyo. Fikirini maana yake: hifadhi zilikuwepo kwa miaka, na kuondoa humo chombo kinachokwangua sakafu ya bahari lilikuwa jambo jipya la kutangazwa. Halafu mwanamke mwenye chuma na ndoo ndiye tunaambiwa ni tishio kwa mwamba.

Sitawaficha kwamba wavuvi wadogo nao wanaharibu. Nimesimama pembeni wakati wavu wa macho madogo unafunguliwa. Kinachomwagika ni vitoto vya samaki, urefu wa kidole cha mwisho, vingine vinapitisha mwanga ukivishika juani, na havijazaa hata mara moja. Wapo wanaotumia baruti. Wapo wanaomwaga sumu kwenye mapango. Anayeumia wa kwanza ni jirani yao anayevua kwa dema au mshipi, na jirani huyo huwajua kwa majina. Lakini hana la kufanya, kwa sababu kisheria maji yale si ya kijiji chake. Anaweza kumkaripia mtu, hawezi kumwambia ondoka. Doria ya serikali inapita mara moja moja, na mwenye baruti anajua siku zake. Hapo ndipo haki ninayoiomba inapoanza kufanya kazi ambayo boti zenu za doria hazitaiweza kamwe.

Na si ndoto. Kusini-magharibi mwa Madagaska, mwaka 2004, watu wa Andavadoaka walikubali kufunga kwa miezi michache sehemu ya mwamba wanapovua pweza. Walichagua vizuri mahali pa kuanzia. Pweza huishi muda mfupi na hukua haraka mno, kwa hiyo ukimwacha miezi michache tu unamkuta mwingine kabisa kwa uzito, na matokeo mtu anayaona kabla subira haijamwishia. Mavuno ya siku ya kufungua yaliwavuta vijiji vya jirani kufanya vivyo hivyo, na kutoka kwenye pweza wakaendelea hadi kwenye hifadhi za kudumu wanazozisimamia wenyewe kwa sheria zao za jadi zinazotambuliwa na serikali. Huko Cabo Pulmo, Meksiko, wakazi ambao walikuwa wavuvi ndio walioshinikiza eneo lao liwe hifadhi mwaka 1995, wakaacha kuvua ndani yake, na wenyewe wakawa walinzi. Watafiti walipopima, kati ya 1999 na 2009 uzito wa samaki katika eneo hilo ulikuwa umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 400. Chile nayo, kwa sheria ya mwaka 1991, iliweka utaratibu wa kuvipa vyama vya wavuvi maeneo yao ya kusimamia, baada ya konokono wa thamani wa mwambani kukaribia kwisha kwa sababu kila mtu alimwahi mwenzake.

Sehemu hizo tatu hazifanani kwa sheria wala kwa aina ya bahari. Zinafanana kwa kitu kimoja: aliyesubiri ndiye aliyevuna. Mvuvi akijua kwamba samaki anayemwacha leo atavuliwa kesho na mgeni, hamwachi. Mimi nisingemwacha pia, na nyinyi msingemwacha.

Mikoko inaonyesha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado mtini, ikarefuka kama mshumaa wa kijani, ikishakomaa hudondoka na kuchoma matopeni. Inataka mahali ambapo maji hujaa na kupwa, si mahali yanapokaa muda wote. Mtu yeyote anayekata kuni au kunasa kaa huko anaijua mipaka hiyo kwa mguu, kwamba aina hii huota mbele penye maji na ile huota nyuma penye chumvi kavu. Kule Ufilipino ilipandwa mikoko mingi mno kwa miaka, kwa fedha nyingi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba iliyosalimika ilikuwa kati ya asilimia 10 na 20 tu. Sababu si ugumu wa mkoko. Sehemu zinazoufaa zilikuwa zimegeuzwa mabwawa ya samaki yenye wenyewe, hivyo miche ikapelekwa chini zaidi, kwenye mchanga na nyasi bahari, ambako hapakuwa na mtu wa kugombana naye. Miche ilipandwa pasipo na mwenyewe badala ya kupandwa inapoota. Ikazama, ikagandwa na chaza, ikafa, na juu ya hayo nyasi bahari zilizokuwepo zikakanyagwa. Namba ya miche iliyopandwa ilibaki kwenye ripoti.

Kwa hiyo mnapozindua kampeni ya miche milioni kadhaa, naomba swali la kwanza lisiwe miche mingapi. Liwe: eneo ambalo mikoko ilikuwepo mwanzo, sasa liko mikononi mwa nani, na mko tayari kulidai?

Nipite haraka kwenye mchanga, ingawa unastahili barua yake. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, unakadiria kuwa tani kama bilioni 6 za mchanga na mashapo huchimbwa baharini kila mwaka, nyingi kwa ajili ya ujenzi na kujaza nchi kavu mpya. Ufukwe unaishi kwa mchanga unaotembea. Ukiuchota hapa, wa kule hupungua. Mwenye fedha hujenga ukuta wa zege mbele ya kiwanja chake, mawimbi yakagonga ukuta, yakarudi na nguvu na kuchimba mchanga wa jirani asiye na ukuta.

Kuhusu bandari, niwatajie kesi moja tu. Wavuvi wa Lamu, nchini Kenya, walifungua shauri mwaka 2012 kupinga namna bandari kubwa ilivyokuwa ikiletwa kwenye maji yao. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, ikiwemo haki ya kupewa habari na kushirikishwa, na haki ya utamaduni wao, ikaagiza walipwe fidia wavuvi zaidi ya 4,000. Neno utamaduni katika hukumu ile ni zito. Mahakama ilitambua kwamba kuvua ni zaidi ya mshahara ambao unaweza kumlipa mtu mara moja akaenda zake. Lakini hesabuni miaka: sita ilipita kati ya shauri na hukumu, na mitambo ya kuchimba kina haikuwa imelala. Laiti swali hilo la mahakama, kama wavuvi walishirikishwa, lingeulizwa kabla ya ramani kuchorwa.

Kuna jambo ambalo haki ya kijiji peke yake haiwezi kulizuia, na hapo nalazimika kuwageukia nyinyi kabisa. Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada tulilolizalisha. Matumbawe yanaishi kwa msaada wa viumbe vidogo vya mwani ndani ya mwili wake, ndivyo vinavyoyalisha na kuyapa rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu, kwa wiki kadhaa mfululizo, tumbawe huvitema na kubaki jeupe kama mfupa. Halijafa bado, lina njaa. Joto lisiposhuka, linakufa. Tangu mwaka 2023 joto la kiwango hicho limeyafikia maeneo yenye zaidi ya asilimia 80 ya miamba ya matumbawe duniani, na hakuna wakati mwingine wowote uliorekodiwa ambapo limeenea hivyo. Wapo waliolinda mwamba wao kwa miaka 20, wakaukuta mweupe msimu mmoja, bila wao kuvunja sheria hata moja.

Mei 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari ilisema katika maoni yake kwamba gesi za joto zinazotokana na shughuli za binadamu ni uchafuzi wa bahari, na kwamba nchi zina wajibu wa kuchukua hatua zote za lazima kuzuia uchafuzi huo. Walioomba maoni hayo ni visiwa vidogo. Kwa hiyo waziri anayetia saini hifadhi mpya asubuhi na leseni ya kuchimba mafuta mchana, afahamu kwamba saini ya pili inaibatilisha ya kwanza.

Sasa mnaweza kuniuliza, asilimia zilizobaki tuzitoe wapi? Mkataba wa bahari kuu ulianza kutumika Januari 2026. Kwa mara ya kwanza mna njia ya pamoja ya kuweka hifadhi katika maji yaliyo nje ya mamlaka ya nchi yoyote, ambayo ni karibu theluthi mbili za bahari yote. Huko hakuna mwanamke mwenye ndoo wa kumfukuza. Kuna meli za ruzuku. Anzieni huko. Na ndani ya maji yenu, tengeni kwa sheria ukanda wa pwani wa wavuvi wadogo peke yao, meli za kukokota zisiuvuke hata usiku, na kila meli kubwa iwe na kifaa cha kuonyesha ilipo ambacho kijiji kinaweza kukifuatilia, si wizara peke yake. Vyama vya watu wa pwani, wanawake wakiwemo kwa idadi yao halisi, viwe na kura katika kamati zinazochora mipaka. Kura, narudia, maana kualikwa kusikiliza tumeshaalikwa vya kutosha. Miongozo ya FAO ya wavuvi wadogo mliipitisha wenyewe mwaka 2014 na mengi ya haya yamo humo, hamhitaji kuandika upya. Na patakapofungwa, pawe na riziki ya kipindi cha kusubiri, itoke kwenye fedha zilezile zinazonunua mafuta ya meli.

Barua hii ninaomba ijibiwe. Kila mmoja wenu anajua eneo ambalo nchi yake inakusudia kulifunga kabla ya 2030. Naomba mtueleze kwa maandishi, kwa lugha inayosemwa na watu wa eneo hilo: ni nani aliyeulizwa, aliulizwa lini, alijibu nini, na katika ramani ya mwisho jibu lake liko wapi.

Wenu katika kuilinda bahari,

Mwananchi wa pwani